Kitabu cha Wageni

Dada yangu,

Gauni limefika na limempendeza binti yangu, mwanao, ila mikono inampwaya. Nitaipunguza, fundi si ndiye mimi?

Umesema nimlete akae kwako mpaka akue kidogo. Subiri kwanza. Shule inafungwa saa saba, mimi kiwandani natoka saa kumi na moja. Muda wote huo anakaa getini na mlinzi, na mlinzi, kwa kuogopa wakubwa wake, humwandikisha kwenye kitabu cha wageni. Mwanafunzi, mgeni shuleni kwake!

Jana kwenye kikao cha wazazi niliomba darasa moja liachwe wazi, na mtu wa kuwaangalia watoto. Mwalimu mkuu akasema, "Mama, hapa ni shule, si mahali pa kulelea watoto." Nikafungua kitabu nilichoazima kwa mlinzi, nikamsomea kurasa nne za mwandiko wa mwanao: "Sababu ya kuja: kumsubiri mama." Akasema atafikiria.

Kwa hiyo simleti. Kesho nimeomba ruhusa kazini, nitakuwa getini tangu asubuhi. Nami nitaandika: "Sababu ya kuja: kusubiri jibu."

Ni mimi mdogo wako, king'ang'anizi uliyemlea mwenyewe.