Madoa ya Emory

Renata, ndiyo natoka kwa yule mama tajiri wa Manhattan na nachemka kwa hasira.

Tulikwenda kurekodi picha ya mwisho ya Emory, ile aliyojichora mwenyewe na mama huyo akainunua, kwa filamu yetu kuhusu wachoraji mashoga waliouawa na ukimwi. Mzee Lowell, mpenzi wake, tulikuwa naye.

Yale madoa ya ugonjwa usoni mwake pichani HAYAPO. Uso laini kama wa mtoto!

Namuuliza mama, anacheka: "Niliagiza yafunikwe kwa rangi, mpenzi. Wageni wangu hula hapa."

Wageni wangu hula hapa!!

Halafu anatengeneza nywele mbele ya kamera yetu: "Nisimame upande gani?"

Lowell akaligusa lile shavu safi la pichani. "Emory alikuwa hawezi tena kushika brashi," akasema. "Yale madoa niliyapaka mimi, kwa kidole changu, yeye akinielekeza."