Pale Farmasi Bado Uko Hai

Kwako mama yangu,

Unakumbuka volkano ilipolipuka, nikakubeba mgongoni kwa kitenge hadi karibu na Sake? Magoti yako yalikuwa yamekataa kazi siku nyingi. Njiani ulinitania kwamba sasa mimi ndiye mzazi na wewe ndiye mtoto, tena mtoto mzito asiyelia. Nilicheka huku machozi yananitoka. Tulipofika sikuweza kunyooka, nawe ukafungua kifuko cha vidonge vyako vya magoti.

“Kunywa moya, mutoto wangu,” ulisema. “Itaacha kukuluma.”

Ikaacha kweli. Na si mgongo tu, mama. Hofu yote ilinitoka, nikalala kama mtu aliye kwao.

Tuliporudi Goma niliendelea kukuomba, kisha nikaacha kuomba. Nilikuwa nakuchukulia dawa pale farmasi ya mtaani kwetu Birere, nusu nakupa, nusu nameza mwenyewe. Ulijua. Asubuhi moja ulinisukumia mkononi kidonge chako cha siku hiyo, ukasema leo magoti hayakusumbui, ukageukia ukutani. Ulikuwa unatetemeka kwa maumivu. Nilikimeza. Sina namna nyingine ya kuliandika hilo.

Ulifariki siku zile waasi walipoingia mjini. Risasi zilikuwa zinalia, tukakuzika mbiombio, watu watano tu, bila matanga. Hakuna aliyekuja kukaa nasi, hakuna aliyekuimbia. Mtaani wengi hawakupata habari. Papa wa farmasi, yule mzee anayetuuzia dawa, naye hakupata.

Ndiyo maana karatasi yako ya daktari bado inafanya kazi. Naenda nayo kila wiki.

“Mama anaendelea aje?” huniuliza.

“Iko tu. Magoti ingali inamuluma.”

“Pole yake. Umwambie niko namuombea.”

Mara ya kwanza nilijiambia ndiyo ya mwisho. Nimejaribu kuacha. Siku ya pili nilitapika, mwili mzima ukatetemeka, nikavaa viatu nikaenda. Najichukia, mama, na hata chuki hiyo nikishameza inatulia.

Sasa mdogo wangu Bahati anataka tukufanyie matanga yako. Ameshaongea na kanisa, kwaya iko tayari, mtaa mzima utaalikwa. Jumapili alikuja kwangu kunieleza, uso umemchangamka kama zamani. Ulistahili nyimbo hizo kuliko mtu yeyote ninayemjua. Lakini wakikulilia hadharani, Birere yote itasikia, na papa wa farmasi atasikia.

Nikamwambia tungoje kwanza usalama urudi. Akanikumbatia, akasema katika watoto wako wote mimi ndiye ninayekufikiria zaidi.

Nisamehe, mama, ingawa kesho nitakwenda tena kusema unaumwa.

Mimi, binti yako mkubwa