Mama Aliyeimba Kifo Chake

Barber, Curaçao
Januari

Kwa dada yangu Ruthmila,

Salamu nyingi. Natumaini baridi ya Rotterdam haijakukausha, na safari ya kuja kufunga ndoa imekuwa njema. Sisi hatujambo. Mbuzi wamezaa na mikono yangu bado inaiweza ngoma. Mama pia hajambo, ingawa wewe habari hiyo itakushtua.

Wiki ya Krismasi alifika yule bibi mheshimiwa, Shon Lucina, mama yake Edsel wako, amevaa nyeusi na kushika maua. Mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Mgeni akamdhania mpishi, akamweleza kwamba anatafuta kaburi la mama yako. Kumbe ndivyo ulivyomwambia mchumba. Mama akamvutia kiti, akamtilia kahawa, akamuuliza marehemu alikufa kwa nini. Kwa moyo, akajibiwa. Na alikuwa mtu wa namna gani? Mcha Mungu, mshonaji wa vitambaa vya altare, hakuwahi kukanyaga kwenye ngoma za tambú. Mama, aliyeimba tambú tangu ilipokuwa marufuku na polisi wakitupasulia ngoma, akasema: "Masikini, mwanamke mwema hivyo. Haya, Shon, maua yaweke hapo mezani, maana marehemu ni mimi."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Jioni nikamkuta Mama ameyakumbatia yale maua gizani, na tangu hapo nakuchukia, dada.

Desturi yetu unaijua: mwaka ukigeuka, aibu zake huimbwa. Safari hii Mama aliimba kifo chake. Aliuliza ni maiti gani huyu anayesonga ugali, mimi nikapiga ngoma, Barber nzima ikaitikia. Jina lako hakulitaja, na hakuna aliyeuliza. Lakini aliimba sehemu ya kufungua tu. Ya kufunga, ile inayochezwa, ameiweka kwa ajili ya harusi yako. Shon Lucina mwenyewe ndiye aliyekuja kumwalika. Anasema kama wewe unamwonea haya mama yako, basi mwanawe akuone ukiucheza wimbo wake. Edsel hajui lolote.

Usihangaike kutafuta njia ya kukwepa. Barua hii sikuitia posta. Aliyekukabidhi sasa hivi hapo uwanja wa ndege ni mama mkwe wako, na ameshaisoma. Mkumbatie vizuri, Edsel anawatazama.

Majirani wote wanakusalimu. Marehemu naye anakusalimu sana.

Ndimi kaka yako, mpigaji wake,
Rignald