Daftari la Neno Moja

Pasiansi, Mwanza
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa magoti yote mawili, ingawa kalamu inanitaka nikae kitini. Macho yanaendeleaje? Yale matone uliyopewa hospitali yanasaidia, au bado unawaona watu kama wamejifunika chandarua? Na wifi na kichanga chake hawajambo? Mihogo imesalimika na nguruwe wa jirani? Mimi ni mzima wa mwili. Nasema wa mwili, kwa sababu roho haijatulia tangu barua yako ilipofika.

Bwire, kaka yangu, najua ni wewe unayemsomea baba. Mbele kuna mahali utatamani kuruka. Usiruke. Na usisome kwa ile sauti yako ya mnadani.

Baba, umeniomba nirudishe daftari la neno moja kabla ya siku ya kujengea kaburi la mama, ili fundi aone jinsi mama alivyoandika jina lake mwenyewe, apate kulinakili kwenye saruji. Ungeniomba kitu kingine chochote ningekuletea nimekibeba kichwani. Hilo daftari naona aibu hata kulishika. Itabidi nikueleze tangu mwanzo, maana nikianzia mwisho utaitupa barua hii jikoni.

Unajua kwamba kiwandani walitupunguza. Kiwanda kilipata mmiliki mpya, na huyo alitaka watu wachache. Nikauza mitumba kwa miezi kadhaa, nikawa napigiwa kelele na jua na wateja. Siku hizi hapa mjini kila mtu anataka Kiingereza. Kuna viwanda vya samaki, kuna wageni, na kila ukuta una tangazo la masomo. Bwana mmoja hapa Pasiansi alikodi ghala, akaweka mabenchi, akatafuta mwalimu wa jioni. Nikamwambia baba yangu alikuwa mwalimu. Akauliza nina kitu gani cha kufundishia. Nikamwonyesha daftari ulilonipa siku naondoka nyumbani.

Nalikumbuka tangu likiwa jipya. Sisi wote tulijua kwamba lile neno la Kiingereza, run, ni kukimbia, basi. Halafu ukakuta kwenye gazeti lililofungiwa chumvi kwamba kuna mtu ana-run duka, ukakasirika kama mtu aliyedanganywa na walimu wake wote. Ukaanza kuzikusanya maana zake, moja moja, miaka na miaka. Ulituambia neno ni ukoo: maana zake ni watoto, na maneno yanayokaribiana nalo ni mashemeji, wanakaa karibu lakini hawaoni mambo sawasawa. Na kila mtoto ulimtafutia mlezi hapo nyumbani. Bwire alikimbiza mbuzi. Kijito cha nyuma ya kanisa kilitiririka. Kitenge cha shangazi kilichuja rangi ziwani. Mafuta ya taa yalituishia. Mjomba aligombea udiwani. Mimi ukanipa pua inayotoka makamasi, na hakuna aliyeniuliza kama nimependa.

Wa mwisho alikuwa mama. Maana ya arobaini na kitu: kuendesha, kusimamia, kuongoza. Uliandika kwa Kiingereza kwamba fulani anaendesha nyumba hii. Mama akauliza umeandika nini, ukamwambia. Akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga, akasema kama ni hivyo jina ataliandika yeye. Alikuwa ametoka kujifunza kwenye kisomo cha watu wazima. Akainama juu ya daftari kama anayesaga mtama, akaandika NYANGETA, ile N ya kwanza ikatazama nyuma. Kwenye cheti cha ndoa aliweka dole gumba. Sijui mahali pengine alipowahi kuandika jina lake. Baada ya siku ile hukuongeza maana nyingine, ulisema ukoo umekamilika.

Yule bwana alilisoma daftari akacheka. Akasema hakuna mtu wa mjini atakayekuja jioni kusoma habari za mbuzi wa kijijini Majita. Alitaka kulipeleka kwa mpiga chapa, lakini kwanza majina yaondoke, na tuseme limeandaliwa na mtaalamu wa Uingereza. Nikakubali. Baba, sikulazimishwa na mtu. Nilikwenda dukani nikanunua wembe. Wewe uliandika kwa wino, ufutio haukufaa kitu, kwa hiyo nikakaa kitandani nikakwangua jina moja baada ya jingine. La kwangu nililikwangua la kwanza. Bwire akawa John. Shangazi akawa Mary.

La mama lilinichukua muda kuliko yote, kwa vile alikandamiza kalamu. Karatasi ikatoboka. Sikulia. Niliudhika kwamba ukurasa umeharibika, na hilo ndilo linaloniuma kuliko tobo lenyewe. Mama alikuwa hai wakati ule, nikajiambia siku moja ataliandika tena. Halafu nikaja kumzika, nikakaa nawe matanga yote, nikakupikia uji, na sikufungua mdomo.

Masomo yalishika kasi. Nilikuwa nikisimama mbele ya watu wazima thelathini nikiwaambia mtaalamu wetu amesema hivi na mtaalamu wetu amesema vile. Wiki iliyopita tulifika kwenye sentensi za kuishiwa, kwamba John ameishiwa chumvi ya kukaushia samaki na mbuzi wamekimbilia ziwani. Kuna mwanafunzi wangu anaitwa Mama Kulwa, mama wa Kisesa, anayeuza mapanki, yale mabaki ya sangara viwanda vinapokwisha kuchukua minofu. Hukaa benchi la mbele na haionei haya harufu yake. Akanyoosha mkono, akasema, “Mwalimu, huyu John ni mtu wa huku huku ziwani. Mbona umembatiza upya?”

Darasa likacheka. Mimi nikacheka nao, baba, kicheko cha mwizi. Nikasema Waingereza nao wana maziwa na mbuzi. Mama Kulwa aliniangalia kama mtu anayeangalia samaki wa jana akiitwa wa leo. Nikarudi nyumbani nikaikuta barua yako mlangoni.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Mtu asiyeona vizuri ananiomba jina la mkewe, na jina lenyewe nimelipuliza sakafuni kama vumbi, nikafagia. Nimejiita majina mengi tangu siku ile na yote yananitosha.

Juzi nilisimama darasani nikawaambia kweli. Nikasema hakuna mtaalamu wa Uingereza, kuna Mwalimu wa Majita aliyestaafu, ambaye ni baba yangu, na John ni kaka yangu Bwire, hajawahi kuvuka hata kivuko cha Kigongo. Nikaandika majina yote ubaoni, na makamasi yangu nikayarudisha mahali pake. Wengine walinung'unika, wawili wakaondoka. Mama Kulwa aliomba nimwandikie vizuri jina la yule anayeendesha nyumba, akalinakili polepole. Yule bwana wa ghala yuko safarini. Akirudi ataambiwa, na sitegemei kwamba atanibakiza.

Daftari nimelifunga kwa kitambaa, nampa kondakta wa basi la Musoma pamoja na barua hii. Sina uso wa kulileta mwenyewe bila kuitwa. Ukisema nije siku ya kaburi, nitakuja, nitabeba maji ya saruji na sitakaa mbele na wanafamilia. Ukisema nisije, nimesikia.

Nisalimie shangazi mwenye kitenge, umwambie rangi yake imerudi. Nisalimie mjomba, kura yangu ningempa hata leo. Msalimie wifi, na kichanga ambaye sijamwona, na mzee wa kanisa aliyesoma sala ya mama. Wote waambiwe nilichofanya, wasisikie kwa watu wa basi.

Bwire, sasa fanya ninachokuomba. Fungua ukurasa wenye tobo, halafu uupindue. Karatasi inayofuata ni tupu, lakini mama alikandamiza sana, na kalamu ilizama mpaka pale. Alama ya jina kwa macho haionekani vizuri, mimi mwenyewe nilikaribia kuipita. Shika kidole cha baba ukiweke juu yake, ukipeleke taratibu kutoka kushoto, kisha umwachie aende mwenyewe mpaka mwisho.

Na baba, ukishamfikishia fundi daftari, mwambie asiigeuze ile N.

Mwanao mwenye makosa,
Perusi