Kombe la Maji ya Kisima

Jumatatu, 7 Julai
Dawa, kisha uji laini wa ulezi. Mchana samaki aliyeiva mpaka kavunjikavunjika. Chakula cha mtoto anayeota meno. Mwanaidi, mdogo wangu, anapika, anaonja, ananisimamia nikimeza. Figo lake limo tumboni mwangu tangu upasuaji kule Dar, na bado ndiye anayenipikia.

Muuguzi wa lishe alituambia sote wawili. Dawa za kulilinda figo zimeshusha kinga, utumbo wangu ni dhaifu. Nile kidogo kidogo, kilichoiva, kingali moto. Maji yachemshwe. Nikiharisha sana, figo linaweza kwenda.

Jumatano, 9 Julai
Shangazi kaja kutoka Tongoni na kombe. Mwalimu wake wa madrasa kaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, kaziosha kwa maji ya kisima, kayatia chupani. Mwanaidi alikuwa sokoni.

Nilijua maji hayajachemshwa. Lakini nimwambie mama mtu mzima, aliyekuja na magoti yake yale yanayomuuma, kwamba aya za Mungu zina vijidudu? Niliona haya. Nikanywa yote. Shangazi kaondoka anafurahi. Chupa nikaitupa jalalani kabla Mwanaidi hajarudi.

Ijumaa, 11 Julai
Tumbo linaendesha tangu jana. Mwanaidi kasugua sufuria zote upya. Anadhani samaki hakuiva. Analia jikoni. Nimenyamaza. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 12 Julai
Hospitali. Dripu. Damu imepimwa. Daktari kamgeukia Mwanaidi, kamuuliza ananilisha nini. Kajilaumu mbele ya wodi nzima. Mimi naangalia ukuta.

Daktari alipotoka nikamwambia. Kombe. Maji ya kisima. Nilikunywa kwa hiari yangu.

Mwanaidi akasema: "Kaka, figo nimekupa. Neno moja la kunikinga limekushinda?"

Kaenda kumrudisha daktari, nikayarudia yote mbele yake. Sijapata kuaibika hivi.

Jumapili, 13 Julai
Mwanaidi kampigia simu Shangazi. Nilijiandaa kwa laana. Shangazi kalia, kisha kamuuliza mwalimu wake. Mwalimu kashangaa. Kasema kama angeambiwa, angechemsha maji kwanza, dua haiungui. Kumbe mimi ndiye niliyewadhania ujinga. Nilijiona mstaarabu kwa kunyamaza.

Jumatano, 16 Julai
Figo linafanya kazi. Nimeruhusiwa kurudi nyumbani, Nguvumali. Mwanaidi kaniamkia shikamoo kama siku zote, lakini hanitazami usoni.

Jioni nimemkuta uani anafua mashuka niliyoyachafua. Nikasimama karibu yake. Hakunifukuza, wala hakuniambia nikapumzike. Kaniachia ncha moja ya shuka. Tukakamua pamoja, yeye upande wake, mimi upande wangu.