Mama, Sinema Yenu Imeonyeshwa

Mama,

Sinema yenu imeonyeshwa. Ilikuwa Jumamosi, ukumbi wa parokia hapa Kalemie, watu wamejaa mpaka madirishani. Na mimi, uliyezoea kuniambia niache kuandika-andika nikaoshe sahani, jina langu lilisomwa mbele ya wote: mwandishi wa hadithi. Nilijivuna, sikufichi.

Tulieleza yote. Vita, wewe Mkatoliki wa Moba ukikimbia kwa mtumbwi, yule kijana Mwislamu, Papa, baba yetu, aliyekupisha mahali pake pa kukaa, ndoa ambayo kila upande uliikataa. Wenzangu walitaka Papa abatizwe mwishoni ili ukumbi upige makofi. Nikakataa kabisa. Ninyi hamkubadili dini, kila mmoja alibaki na yake.

Aliyenitia hofu ni Mjomba. Kaka yako alitoka Moba, akaketi mstari wa mbele, viti viwili kutoka kwa Papa. Unajua hajawahi kumwita shemeji, hata siku tuliyokuzika. Kwake alikuwa "ule muntu" tu.

Basi ikafika Ramadani. Msichana anayeigiza nafasi yako anapika futari, anachota mchuzi wa samaki, migebuka, kwa kijiko, anaonja. Kosa langu, Mama, mimi ndiye niliyeandika hivyo. Papa akasimama na fimbo yake, taa bado zimezimwa.

"Hapana. Bibi yangu, mama ya hawa watoto, hakuonjaka. Mimi njo nilifunga, yeye hapana, lakini alisema hawezi kuonja mbele ya muntu mwenye njaa. Miaka yote chumvi ilizidi. Nilikula yote."

Watu wakacheka. Mimi nililia. Sisi watoto wako tulidhani hujui kupika tu.

Mjomba hakucheka. Sinema ilipokwisha alimwendea Papa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shemeji," akasema, "tutaipeleka Moba. Lakini mutoe kwanza ile kijiko. Dada yangu hakuonjaka."

Wiki ijayo tunarekodi upya kipande hicho, Papa akiwa pembeni kusimamia.

Pumzika, Mama yangu. Nakuahidi hili: kule Moba, ulikokatazwa kurudi ukiwa na mumeo, Papa ataingia ameshikwa mkono na kaka yako.

Binti yako,
Zena Maria