Mashine Nane kwenye Ubao Mmoja

Uru, 15 Februari 2004

Kaka Wenseslaus,

Shikamoo. Unaendeleaje na joto la Dar? Sisi huku tunaamka salama, ila Mama anasumbuliwa na goti kila mvua inapokaribia, na Baba amemaliza kung'oa kahawa za upande wa bondeni. Anapanda nyanya. Yeye hasemi chochote kuhusu jambo hilo, kwa hiyo nasi hatusemi.

Ninakuandikia kwa sababu ya zile kompyuta nane ambazo marafiki wa parokia kutoka ng'ambo walituletea shuleni. Mpaka juzi zilikuwa kwenye chumba kilichofungwa. Wasichana wa darasa la ushonaji wamezifumia vitambaa, kila moja na chake, kama redio ya sebuleni. Juma lililopita Mwalimu Gladys wa hisabati alimwomba Mwalimu Mkuu ufunguo, akakubaliwa mradi tusiharibu kitu.

Tuliziwasha. Ni za zamani na zinakwenda polepole mno. Kwa ile programu ya kuchora uliyonitumia, niliingiza vipimo vya miinuko kutoka ramani ya jiografia, na picha moja tu ya mlima ilichukua siku nzima. Mimi nataka picha nyingi, mlima ukizungukwa kutoka Uru hadi Marangu, Rombo, mpaka mtu arudi Uru, ili tuone kama Warombo wanatazama uso wake au kisogo, maana ubishi huo hauishi bwenini. Kwa mashine moja nitazeeka.

Uliwahi kusema mashine dhaifu zinaweza kuunganishwa zikafanya kazi moja. Tafadhali nieleze, kama unavyomweleza mtu asiyejua kabisa.

Kuna sababu nyingine. Baba ameamua kwamba nikimaliza kidato cha nne mwaka huu nishuke Kiboriloni kumsaidia Shangazi Pamela dukani. Lakini Mwalimu Gladys anamfahamu Bwana Shedrack, mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi huko Arusha. Chuo chao huweka nafasi chache za Januari kwa wanafunzi wenye kazi ya kuonyesha. Baba amesema nikipata nafasi hiyo hatanizuia. Alisema mara moja tu, tukiwa tunakula, lakini Mama naye alisikia.

Mdogo wako,
Yuditha


Dar es Salaam, 29 Februari 2004

Mdogo wangu Yuditha,

Marahaba. Mimi ni mzima, ila nimekaangika. Mpe Mama pole ya goti.

Hili jambo si gumu. Fikiria ndizi za harusi. Mwanamke mmoja akimenya peke yake, wageni watarudi kwao na njaa. Wakikaa wanane, kila mmoja na kisu na fungu lake, na mmoja wao akawa ndiye anayegawa na kukusanya, kazi inakwisha kabla chai haijapoa. Mashine moja iwe ya kugawa na kukusanya, lakini nayo imenye. Kila moja ichore picha yake, nyingine isiisubiri.

Feni za kompyuta hizo lazima nyingi zimekufa. Zikifanya kazi mfululizo ndani ya makasha zitaungua. Toeni mazabodi, yaani ule ubao wa ndani wenye akili yote, mzipange wazi juu ya ubao mmoja mrefu. Baridi ya Uru ni ya bure. Msumari usiguse njia za umeme: kateni kandambili kuukuu, muweke vipande vya mpira chini ya kila kona.

Nimempa kondakta wa basi furushi. Mna nyaya, diski za kuwashia zenye Linux, programu ya kuendeshea mashine, na kisanduku cha kuunganishia nyaya ambacho mafundi tunakiita habu. Maelezo nimeyaandika kwa mkono, kurasa sita. Usiruke hata mstari.

Baba usimwambie kwamba vitu hivi vimetoka kwangu. Tangu nilipomwambia kwamba sitarudi kushika kihamba, shamba letu la ukoo, mimi mwanawe wa mwisho wa kiume, hajatamka jina langu, na mimi sina uso wa kumtumia salamu.

Kaka yako,
Wense


Uru, 6 Juni 2004

Kaka Wense,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na furaha, maana mimi ninayo ya kukugawia. Goti la Mama limetulia.

Zinafanya kazi. Zote nane. Mara ya kwanza mbili zilikataa kuamka, tukagundua Mwalimu Gladys alikuwa amechomeka waya mmoja kichwa chini, akacheka mpaka akaketi. Sasa ninatoa amri moja tu na picha zinakuja moja baada ya nyingine. Mpaka sasa tumefika karibu na Marangu.

Ubao ni wa mgrivea. Baba aliupasua mwenyewe, akaupiga randa mpaka ukawa laini kama meza ya altare. Aliponiona ninakata kandambili akauliza nimefundishwa na nani. Nikajibu ni fundi mmoja. Akaendelea na randa yake, halafu akasema, "Fundi huyo ana akili." Nimekuandikia kama alivyosema.

Mwalimu Mkuu alikuja akazikuta wazi akashtuka. Alisema tumezivua nguo zawadi za watu. Mwalimu Gladys alimwonyesha picha, akatulia, ingawa aliondoka akitikisa kichwa. Makasha matupu tumeyarudisha mezani na kuyafunika vitambaa vyake.

Bwana Shedrack atakuja Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Anataka kuona kazi yenyewe ikifanyika, si kusimuliwa.

Mdogo wako,
Yuditha


Dar es Salaam, 20 Juni 2004

Profesa wa Uru,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako nimewasomea mafundi wenzangu hapa Kariakoo na mmoja anauliza kama umeposwa. Nimemwambia mahari yake ni mazabodi mia moja.

Yale maneno ya Baba nimeyasoma. Sijui niyaweke wapi.

Wense


Uru, 12 Septemba 2004

Kaka Wense,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Afya zetu ni njema, ila moyo wangu si mzuri, na nitakueleza yote kwa mpangilio ili usifikiri ninaficha kitu.

Wageni wa ng'ambo walioleta kompyuta walituma habari kwamba wanakuja kututembelea. Mwalimu Mkuu alituita mimi na Mwalimu Gladys, akasema zawadi huonyeshwa kama ilivyotolewa, na kwamba mgeni akikuta alichokuletea kimefumuliwa utakuwa umemtukana. Akaagiza kila mazabodi irudishwe kwenye kasha lake. Mwalimu Gladys alibishana naye ofisini, tulimsikia hadi nje. Mwishowe Mwalimu Mkuu akaahidi kwamba wageni wakiondoka tutazitoa tena. Basi tukazirudisha. Vitambaa vilifuliwa na kupigwa pasi.

Walikuja jana. Tuliimba, wakapewa ndizi na maziwa. Mimi nilichaguliwa kujibu maswali kwa sababu Kiingereza changu kinasikika, na jibu nilipewa mapema. Kiongozi wao, mama mmoja mwenye mvi, mpole sana, aliinua kitambaa kimoja, akapitisha kidole juu ya kasha, akakitazama kidole. Kisha akaniuliza kama tunazitumia.

Kaka, Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama pembeni yangu. Nikasema nilivyofundishwa: "Tunazitunza vizuri sana."

Yule mama akatabasamu. Akasema anaona wazi kwamba hazijaguswa, na kwamba halaumu mtu, huenda walituletea kitu tusichokihitaji. Kuna shule ya wasichana kule Mkuu, Rombo, ambayo imewaandikia mara nyingi ikiomba kompyuta. Mwalimu Mkuu alicheka kwa adabu. Gari lao lilikuwa na nafasi. Wavulana walisaidia kupakia.

Picha zote zilikuwa ndani ya ile mashine ya kugawa. Ninayo moja tu, kwenye diski.

Mdogo wako,
Yuditha


Dar es Salaam, 19 Septemba 2004

Yuditha,

Nimeshindwa kuanza kwa salamu.

Ulikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Ungemwambia, "Mama, njoo nikuonyeshe ubao wetu." Angezifungua zote palepale kwa mikono yake. Mdomo wako ulikuwa wapi? Nilikuandikia kurasa sita, ukasoma kila mstari, ukafanya kazi ambayo watu wazima hapa hawaiwezi, halafu unasimama mbele ya mtu anayekuuliza ukweli, unamwimbia wimbo wa shule.

Wenseslaus


Uru, 10 Oktoba 2004

Kaka,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi ni wazima.

Mdomo wangu ulikuwa pale pale. Nilisimama katikati ya watu wazima waliokwisha kukubaliana, na wewe hukuwepo. Sitalisema tena hilo.

Bwana Shedrack alikuja. Nilimwonyesha ubao mtupu, mashimo ya misumari na vipande vya mpira. Nilimweleza jinsi kazi ilivyogawanywa, na aliniuliza maswali magumu ambayo niliyajibu yote. Kisha nikamwonyesha ile picha moja kwenye kompyuta aliyokuja nayo. Aliitazama muda mrefu. Akasema, "Picha ni nzuri. Lakini picha haisemi imechorwa na mashine ngapi."

Alisema ananiamini, ila kamati ya chuo haiwezi kupelekewa imani. Nafasi moja ataishikilia mpaka tarehe 20 Novemba. Kabla ya siku hiyo nikiwa na mashine zinazofanya kazi, hata nne, nimpigie kwa simu ya Mwalimu Gladys, na yeye atapanda siku hiyohiyo. Baada ya hapo hana uwezo.

Mtihani wa taifa uko karibu, ninasoma. Nakuomba mazabodi, zozote zile. Sina mwingine wa kumwomba.

Mdogo wako,
Yuditha


Dar es Salaam, 17 Oktoba 2004

Mdogo wangu,

Marahaba, na unisamehe ile barua. Niliandika nikiwa na hasira ambazo hazikuwa zako.

Nimepita kwa mafundi wote wa mtaa huu nikiokota zilizotupwa. Ninazo sita. Nimezijaribu, zinaamka. Safari hii simpi kondakta, watazirusha kama magunia. Nitazipakata mwenyewe. Jumamosi tarehe 13 Novemba nitakuwa nyumbani, Jumapili tunazifunga kwenye ubao, Jumatatu unampigia Bwana Shedrack.

Na Baba nitazungumza naye. Sasa unaweza kumwambia fundi ni nani. Mama apike mtori.

Kaka yako,
Wense


Kiboriloni, 12 Desemba 2004

Kaka Wenseslaus,

Shikamoo. Sijui hali yako, na safari hii ninauliza kwa kutaka kujua kweli. Mama ni mzima. Mtihani nilifanya, hisabati ilikuwa nyepesi.

Jumamosi ile Mama alipika mtori. Nilikuwa nimekwisha kumwambia Baba kuhusu fundi. Tangu adhuhuri alivaa shati lake la kanisani akakaa upande wa nyumba unaotazama njia. Giza lilipoingia Mama akasema huenda basi limeharibika. Jumapili tulisema hivyohivyo. Tarehe 20 ikapita.

Juma lililopita nilishuka hapa kwa Shangazi Pamela kuanza kazi, kama ilivyopangwa. Alikuwa ananionyesha mahali pa kuweka sabuni, akavuta boksi kutoka chini ya kaunta, akasema, "Hili ni lako. Wense aliliacha." Nikamuuliza lini. Akasema Jumamosi ile, mchana, soko likiwa limejaa.

Sikumkasirikia. Nilimuuliza tu kwa nini hakunipelekea juu. Alishangaa. "Hakusema ni ya haraka, mwanangu. Alisema mpe Yuditha akishuka." Anasema ulisimama barabarani ukiangalia kule juu, mpaka wapagazi wakakupigia kelele uwapishe, halafu ukageuka ukapanda gari la mjini. Alidhani ulikuwa umekwisha kutoka nyumbani.

Mazabodi zote sita ni nzima. Ulizifunga vizuri. Shangazi amenipa rafu ya nyuma, na duka likifungwa mimi huziwasha kidogo. Nimeanza tena mlima kutoka Uru. Bwana Shedrack nilimwandikia, akajibu kwa upole kwamba nafasi za Januari zimejaa na ya Januari itakayofuata hawezi kuiahidi. Barua yake nimeitunza, kwa sababu hakuandika kwamba haiwezekani.

Jumapili iliyopita nilipanda nyumbani nikawaambia ulifika hadi Kiboriloni. Mama aliingia ndani. Baba akaniuliza kama ulikula. Nikamwambia Shangazi anasema ulikataa hata chai. Akachukua jembe akaenda kwenye nyanya zake, na ilikuwa Jumapili.

Barua hii usinijibu mimi. Mwandikie Baba, na jina lake uliandike juu ya bahasha, ili aifungue mwenyewe.

Mdogo wako,
Yuditha